Mhuri

Miaka kumi na mmoja, ghorofa ya tatu, barabara ya Mawenzi,
kazi yangu ilikuwa kunusa uongo:
ng'ombe aliyekufa mara mbili,
duka lililoungua siku moja kabla ya deni kuiva.
Nilikuwa na mhuri, wino mwekundu. YAMEKATALIWA.

Nikalipwa vizuri. Hilo sitalikana.

Bwana Ndesanjo aliandika kurasa nne
ambapo nusu ingetosha:
moto ulikula stoo, kahawa, paa,
ukakizunguka kiti cha marehemu mkewe
ukapita, "kama mgeni mwenye adabu."
Nikagonga mhuri. Nyumbani sikulala.

Sasa nafundisha Kiboriloni, kidato cha pili,
chaki kwenye sketi, mshahara unaisha tarehe tisa.
Mama hasemi kitu; ananiletea ndizi mbivu
kama aliyekuja kumwona mgonjwa.

Aikande ameandika insha: babu yake
alimeza radi, akaishi.
Kalamu nyekundu ipo mkononi.
"Ilikuwa na ladha gani?" naandika pembeni.

Usiku, taa ya chaji, daftari la mistari:
kile kiti. Mara ya saba naanza upya.
Moto unakaribia, unasita,
na bado sijui
nani amekikalia.