Meza Inayocheza

Siku ya posho, saa moja na nusu,
ukungu bado umeikalia Kadutu,
na foleni ya kwa Nankafu imeshafika
mlangoni mwa duka la misumari.
Mbele yangu mwanamke na mtoto mgongoni,
mbele yake vijana wawili wa kwaya
wanabishana nani aliharibu sauti ya tatu jana,
mbele yao migongo tu, na makoti yenye umande.

Miaka sita napita hapa na ndoo na mwiko wangu,
napita mbiombio kama mtu anayedaiwa.
Cibalonza, mke wangu, hunicheka:
"Watu wanatoka Bagira kuja kula pale,
wewe uliyemwaga sakafu hata chai hujaionja!"
Sikuwahi kumwambia kwa nini.

Ndani ni moshi wa makaa na vitunguu,
vitumbura vinavimba kwenye mafuta, vinajigeuza vyenyewe.
Mugisho, kijana wa kugawa, hana daftari.
Anaandika kiganjani kwa kalamu ya buluu:
mayai mawili, chai ya maziwa, maharagwe, jibini,
kisha jasho linafuta oda ya mtu
aliyekaa pembeni tangu alfajiri.
Mtu huyo anakula chochote anacholetewa.
Hanuni.

Nikapata kigoda kwenye meza ya mwisho,
mkabala na mama mmoja muuza vitenge.
Hakunisalimu. Alisema:
"Shika kikombe chako. Meza hii inacheza."

Meza haichezi, mama.
Miguu yake minne iko sawa, seremala hana kosa.
Ni sakafu.
Siku ile mchanga ulikuwa haba,
saruji tulikopa nusu mfuko,
pimamaji yangu ilikuwa imepasuka kioo,
na mtoto wetu alikuwa amelazwa, siku ya nne.
Nikalaza zege kwa jicho,
na jicho halikuwa pale.

Hayo yote sikuyasema.
Nilisema, "Aksanti, mama,"
nikashika kikombe.

Chai imejaa hadi ukingoni,
tangawizi inakwaruza koo kama msasa mpya.
Omleti ina pilipili ya kijani, pembeni imeungua kidogo,
pale pale ninapopapenda.
Na jibini la Masisi, kipande kinene kama kigae,
ukilitafuna huna neno.
Basi watu hawakudanganya.
Nimekula harusini chakula kilichozidiwa na hiki.

Yule mama akakunja karatasi ya sigara,
akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza.
"Fundi wa sakafu hii," akasema akiinuka,
"alikuja kazini amelewa."
Nilitafuna polepole sana.

Mtoto wa yule mwanamke wa foleni akamwaga uji.
Nankafu mwenyewe akatoka jikoni, mkono kiunoni,
akamimina ndoo nzima ya maji.
Maji hayakuuliza njia:
yakapita kati ya viatu vyetu, chini ya benchi,
yakaruka kizingiti, yakashuka ngazi
kama wanafunzi waliosikia kengele.

"Amelewa?" Nankafu akacheka. "Mungu amlinde!
Miaka sita sijapiga magoti kukausha hapa."

Meza zote zikacheka.
Mimi nikatazama vidole vyangu,
saruji iliyogoma kutoka kwenye kucha.
Sikukusudia mteremko ule.
Hata hilo sikulisema.
Fundi hutukanwa kwa lake, husifiwa kwa la bahati,
na sahani mbele yake inaendelea kupoa.

Mtoto wetu sasa ana miaka saba.
Anapenda jibini kuliko nyama.
Nikamwita Mugisho, nikakunjua kiganja chake,
nikatafuta mahali palipobaki peupe,
karibu na kidole gumba:

andika hapa, kipande kingine,
cha kufunga.