Ngumi Juu ya Kitovu

Saa nane usiku, Cimpunda.
Umeme umekwenda, mvua inagonga bati kama mdai.
Mtoto amelia, amefungwa kitenge, hana neno.
Ni mama yake anayeondoka bila kuaga.

Damu haikuja kwa kishindo.
Ilishuka kimya, maji yapitayo chini ya mlango,
na nyingine ikabaki ndani, ikajikusanya gizani,
mwizi asiyevunja kufuli.
Niliisoma usoni kwanza: midomo rangi ya majivu.
Kisha Nsimire akaniuliza, kwa adabu,
kama angeweza kulala kidogo.

Usilale.

Oksitosini tumeshadunga. Friji imezimika tangu Jumatatu,
sijui kilichomo kichupani ni dawa
au ni maji yenye jina.
Nimeusugua mji wa mimba mpaka kiganja kikawaka.
Umelegea. Unga uliokataa kuumuka.

Basi nikakunja ngumi,
nikaiweka juu ya kitovu, kushoto kidogo,
nikaegemeza kilo zangu sitini na mbili
na miaka kumi na tisa ya zamu za usiku,
hadi vifundo vikaukuta uti wa mgongo wake.
Hapo katikati ndipo mshipa mkuu unapita.

Nabintu, weka vidole kinenani. Unasikia nini?
Sisikii kitu, dada. Mapigo yamenyamaza.
Akaanza kulia, mwanafunzi wa watu.
Tulikuwa hatujamwambia
kwamba upo ukimya mmoja, huu tu,
ambao mkunga anauomba.

Futa machozi, shika tochi kwa meno.
Lete kondomu, ile ya boksi la uzazi wa mpango.
Ifunge kwa uzi kwenye katheta. Kaza. Kaza tena.
Sasa iingize, umimine maji ya chumvi, taratibu,
ijae humo ndani, isukume kuta zinazovuja.
Kitu kilichotengenezwa kumzuia mtoto asije
tunakitumia kumzuia mama asiende.

Mumewe, Murhula, mbeba magunia wa Beach Muhanzi,
yuko juu ya pikipiki mahali fulani kwenye tope la Essence,
kapakata kisanduku cha barafu
kama mtu aliyebeba mayai.
Dakika ishirini. Arobaini.
Bega langu linatetemeka, jasho linamdondokea kifuani.
Namhesabia kwa sauti. Nikikosea, ananisahihisha:
Umeruka thelathini na saba, dada.
Sijawahi kufurahia kukosolewa hivyo.

Kulipopambazuka, chupa ya pili ya damu
ilikuwa inamalizikia mkononi mwake,
na chini ya mpira ndoo ilikuwa kavu.
Ngumi yangu ilikataa kufunguka.
Nabintu aliikunjua kidole kwa kidole,
akaninywesha chai.

Nikaandika daftarini kwa mkono wa kushoto:
Nsimire, yu hai, saa kumi na mbili na robo.
Herufi zimelala huku na huku,
mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza.