Begi Liko Juba

Mkanda ulizunguka mpaka ukachoka.
Likabaki boksi moja la kamba ya katani, si langu,
na mwanasesere aliyedondoka kwenye mzigo wa mtu,
akizunguka peke yake, uso juu, kama mfalme.
Kisha wakazima mtambo.

Dada wa kaunta, kibandiko kifuani: Bahia.
Akanipa fomu na pole, vyote kwa mkono mmoja.
Rangi ya begi? Bluu.
Bluu ipi, kaka? Chati yake ilikuwa na bluu tatu,
zote zimepauka kwa jua la dirishani.
Vilivyomo? Nikaandika: nguo.
Thamani? Mia tatu. Nikafuta. Mia nne. Nikafuta,
karatasi ikatoboka.
Sikuandika: suti ya kijivu, ya misa ya mwaka ya Gaudensi.
Sikuandika: kwenye maziko sikufika,
ndiyo maana nikanunua suti ya bei.

Nikapanda Uru na mswaki wa ndege,
na soksi za ndege, na namba ya kumbukumbu.

Siku ya pili niliongea na kinanda.
Simu yako ni muhimu kwetu, kikasema kinanda,
kikapiga tena, vocha ikaisha.
Siku ya tatu: begi lako limeonekana.
Limeonekana! Kama mwezi.
Wapi? Juba.
Sisi ni JRO, kule ni JUB, akaeleza Bahia,
mkono wa mtu uliteleza.
Nikamwambia, dada, mkono huo ulianza vizuri.
Akacheka, kisha akakumbuka yuko kazini.

Julai ya mlimani haimngoji mtu apate begi.
Mama akafungua sanduku la bati,
akaondoa majani makavu ya mkaratusi,
akatoa koti la kaki, lile la kupimia kahawa chamani.
Vaa.
Mikono iliishia juu ya saa yangu.
Mfukoni kipande cha penseli, kimetafunwa,
na karatasi: kilo 38, kilo 41, kilo 12 na nusu,
hiyo ya mwisho imepigiwa mstari mara mbili.

Nikaenda misani hivyo.
Nyuma yangu mtu akaita, Gaudensi!
kisha akajikohoza.
Sikugeuka. Sikujua nigeuke na uso upi.

Nje, Mama Aikande akanishika ukosi:
elfu kumi na mbili, debe la mahindi, tangu mwaka juzi.
Nikasema, mama, mimi ni mdogo wake, nimetoka safari.
Najua wewe ni nani.
Lakini koti ndilo lililokopa.

Nikalipa. Nikasubiri chenji, hakuwa nayo,
akanipa ndizi mshale mkungu mzima
nikaubeba begani, penseli ikinichoma ubavuni,
na njia nzima hadi nyumbani nilisalimiwa
kwa jina moja au jingine, nikaitikia yote.

Siku ya tisa pikapu ikapanda na matope yake.
Begi lilikuwa na vibandiko shingoni
kama mgonjwa aliyezungushwa hospitali.
Gurudumu moja halipo.
Dereva akasema, kagua, kisha utie sahihi.
Nikafungua. Suti haikuwa na kunyanzi hata moja.
Mama akafuta mikono kwenye kanga,
akapapasa pindo lake, akageuza, akatazama bitana.
Nzuri hii, akasema. Ya nani?

Dereva alikuwa bado anangoja kalamu yake.