Sifuri za Bwana Geddes

Saa kumi na moja jioni, Dundee, giza limeshatanda.
Mvua haianguki, inakuja ubavuubavu kutoka mto Tay
na kuchapa kioo cha ghorofa ya tatu.
Niko na faili la Bwana Geddes, aliyestaafu Machi:
mistari elfu nne ya C
ya kupima maji yamepanda wapi.

Kila kigeu alichokizaa alikipa sifuri.
kina = 0;
Pembeni ameandika: kwa usalama.
Na mstari unaofuata, hata hatujapumua,
kina = soma_kihisi();
Sifuri imekufa, haikusomwa na yeyote,
chai iliyomiminwa ikamwagwa,
kikombe kikajazwa upya mbele ya mgeni yuleyule.

Nafuta. Nafuta. Ya kumi na saba, nafuta.
Kompaila hainishukuru. Kumbe zamani
ilikuwa ikizitupa yenyewe, kimyakimya,
kila ilipoambiwa iboreshe.
Nimepima: programu haikupungua hata baiti moja.
"Sasa unafuta nini?" anauliza Catriona,
vidole vyake vinanuka chipsi na siki.
Sina jibu. Nafuta.

Ya ishirini na tatu,
kompaila ikapaza sauti:
mstari 912, huenda kina kinatumika
kabla ya kupewa thamani.

Nikaifuata njia, sharti ndani ya sharti,
hadi kichochoro kimoja
ambamo kihisi kikinyamaza
hakuna anayeandika chochote,
na ni sifuri ya Geddes inayotumwa
kwa mtu wa zamu ya usiku:
mto hauna maji, lala.
Miaka kumi na mmoja
adabu ile imeliziba onyo mdomo.

Simu inatetemeka juu ya meza.
Dada yangu Mwajabu, Korogwe, kule ni saa mbili usiku.
Habari za huko?
Nzuri.
Na mama, vip—
Mzima, tunamshukuru Mungu.
Swali langu halijafika mwisho.

Najua hiyo ni nini. Tumezaliwa nayo mdomoni,
tunaiweka kwanza, hata nyumba ikiwaka moto,
na mara nyingi haidhuru,
neno la pili huja likaifuta.
Lakini jana hakukuwa na neno la pili.
Wala juzi.

Mwajabu, nikamwambia, usianze na nzuri.
Anza bila kitu.

Laini ikakoroma. Mvua ikapiga kioo.
Mahali fulani nyuma yake mlango ulifungwa taratibu,
kama mtu anavyofunga asimwamshe mgonjwa.

Ila, akasema.

Nikavuta kiti.