Tone

Umeme ulikatika saa nne asubuhi,
Barabara ya Kumi na Sita nzima,
na blenda ya kuazima ikafa na viini vitatu tumboni
kama mtu aliyekatishwa neno.

Viazi vimekwisha chemka. Karoti zimekatwa.
Njegere zinapoa kwenye ungo.
Watu mia mbili wanakuja kwenye karamu ya Saumu,
na saladi bila mayonezi, alisema Bi Riziki mpishi,
ni viazi vya mgonjwa.

"Basi ipigwe kwa mkono. Anayepiga asimimine,
anayemimina asipige."
Akatazama uani nani hana kazi.
Tulikuwa wawili tu:
mimi, na wifi yangu Mashavu.

Miaka miwili hatujasemezana.
Cherehani ya mama, ile ya kukanyaga,
ilitoka Makorora usiku juu ya mkokoteni,
siku ya arobaini yake,
bila mtu kunong'ona.
Tangu hapo salamu zetu hupita kwa watoto:
mwambie shangazi, mwambie mama.

Tukakaa jamvini, bakuli katikati.
Yeye akalibana kwa magoti, akashika uma.
Mimi nikashika chupa ya alizeti,
kizibo nimekitoboa kwa msumari.
Kiini cha yai la kienyeji, rangi ya bizari.
Haradali ya unga, ncha ya kijiko. Chumvi.
Ndimu imelala pembeni, inasubiri zamu.

Akapiga. Nikamimina.
Nilimimina kama mtu anayedai.
Nilimimina miaka miwili kwa mkupuo,
na kile kilichokuwa kimeanza kushikana
kikalegea, kikaachana,
mafuta huku, yai kule,
vipunje vipunje kama maziwa yaliyoganda vibaya.

"Imekatika," akasema.
Neno la kwanza.
Wala hakusema nani kaikata.

Nimwage?
"Chakula hakimwagwi."
Akachukua bakuli safi, akavunja yai jingine ukingoni,
akalihamisha ganda hili, ganda lile,
mpaka ute wote ukashuka kikombeni
na kiini kikabaki peke yake, kinatetemeka.
"Iliyokatika inarudi humu. Lakini si kwa fujo.
Tone."

Tone.

"Ngoja."

Nikangoja. Watoto wakapita wakikimbizana na kuku.
Mtu akauliza sufuria kubwa liko wapi.

"Tone."

Sikujua mkono wangu unaweza kungoja hivyo.
Jasho lake likateremka mpaka ncha ya pua,
nikalifuta kwa pindo la kanga yangu
kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini.
Ni hivyo tu. Mikono yake ilikuwa kazini.

Bakuli likabadilisha sauti.
Mwanzo chapa-chapa ya maji,
kisha kitu kizito, cha kunata,
kandambili kwenye tope la Machi.
Uma ukawa unaacha njia nyuma yake
na njia haijifungi.

"Ile cherehani," akasema bila kuinua uso,
"mkanda ulikatika mwaka jana.
Sijashona hata foronya."

Sikumjibu. Nilikuwa namimina.
Si tone tena, uzi,
uzi mwembamba usiokatika,
na mayonezi ikaupokea wote.

Akakamua ndimu. Akaonja.
Akanigeuzia uma uleule nionje.
Mkanda, nikasema, unapatikana pale Ngamiani sokoni,
kwa yule fundi mwenye kengeza.
"Atataka bei gani?"
Tutakwenda wote, tumshushe.

Ndipo Mashavu akasimama,
akalipindua bakuli juu ya kichwa changu,
juu ya ushungi wangu mpya wa harusi,
na Bi Riziki akapiga ukelele, "Wendawazimu nyie!"
Nilifumba macho.
Haikudondoka.

Umeme ukarudi wakati huohuo.
Jikoni blenda ikaanza kunguruma peke yake,
ikivipiga vile viini vitatu tulivyovisahau,
ikipiga, ikipiga,
wala hakuna aliyeinuka kwenda kuizima.