Daftari la Matawi

Wananiuliza Isevya, kwenye foleni ya mashine ya unga:
"Kalunde, msumeno wa marehemu unalipa?"
Nawajibu, unalipa kama ng'ombe wa maziwa:
uamke mapema, na ukubali teke.

Mti haulipwi kwa unene.
Unalipwa kwa kilicho chini yake.
Mkaratusi uliosimama peke yake shambani
ni elfu arobaini na chai ya rangi.
Mkaratusi huohuo ukiinamia bati jipya,
tangi la maji, waya wa umeme
na kaburi la mama mkwe,
hapo tunavuta viti, tunaanzia laki tatu.

Mzee Ntobi wa Ipuli alicheka: "Kukata tu?"
Baba, kukata hata mchwa anakata.
Unachonunua ni mahali utakapoangukia.

Tukapeana mikono kwa laki mbili na themanini.
Daftari hili hapa, soma mwenyewe:
petroli na oili, elfu ishirini na mbili;
guta la kubeba matawi, thelathini;
Nkwabi anayepanda, sitini;
Shija na Limbu wa kamba, hamsini wote wawili;
kibali cha mtaa, kumi, risiti sikupewa;
bati moja, tawi lilipogeuka hewani
kama mtu aliyeitwa jina lake,
thelathini na nane.
Nikabaki na sabini.

Wachoma matofali wakanunua magogo,
arobaini na tano, taslimu.
Vijiti alivichukua mama wa maandazi bila kuuliza;
nilimwona, nikatazama pembeni.
Laki na kumi na tano! Nikanunua nyama nusu kilo,
nikatembea katikati ya barabara.

Kesho yake fundi akanionyesha mnyororo:
umeng'ata msumari ndani ya gogo,
msumari wa bango la uchaguzi wa zamani.
Mgombea hata sura yake hatuikumbuki,
msumari wake umeshinda.
Mnyororo mpya, arobaini na tano.
Tukarudi sabini palepale,
na nyama ilikuwa imeshaliwa.

Ina majira yake kazi hii.
Oktoba, upepo unaotangulia mvua
hunifanyia matangazo bure usiku kucha;
asubuhi simu inalia kabla sijapiga mswaki.
Februari ardhi ni uji, ngazi inazama, tunalala.
Tumbaku ikilipwa Urambo na Sikonge
watu hukumbuka miti yao.
Ikicheleweshwa, miti yote ya Tabora iko salama.

Bi Pili Kasonso wa Gongoni
alitaka mwarobaini wake uende chini kabisa,
majani yanaziba mfereji wa bati.
Laki mbili mkononi, zimekunjwa tayari.
Nikamwambia, uache. Nipe sitini,
nikate mikono inayogusa nyumba tu.
Nkwabi hakuninenesha hadi jioni:
"Umetupa laki na arobaini."
Huu ni mwaka wa nne narudi pale,
sitini, sitini, sitini, sitini.
Jumlisha, Nkwabi. Mti uliolala hulipa mara moja.
Ule unaota, na mimi naota nao.

Mnapenda kudhani mume wangu alianguka.
Hakuanguka. Mihayo alikufa kitandani,
presha, wodi ya wanaume, Kitete,
viatu vyake vya kupandia vikiwa safi uvunguni.

Hata hivyo kila Septemba nanunua kamba mpya,
laki na ishirini, ingawa ya zamani bado nzima,
Shija anaitamani akafungie mbuzi.
Huo ndio mstari pekee nisioupigia hesabu mara mbili.
Nauandika haraka, nafunga daftari,
natoka nje kumtazama Nkwabi anavyopanda,
na msumeno ukizimika ghafla huko juu
sipumui,
mpaka atukane.