Ripoti ya Mtaalamu wa Lugha

Walimletea Avgusta riwaya ndani ya mfuko wa plastiki,
imepigwa lakiri kama kisu cha muuaji.
Swali la mahakama lilikuwa moja:
"Je, dola iliyomo humu ni dola yetu?"

Aliisoma usiku, nyayo juu ya bomba la joto,
nje Syktyvkar imeganda mpaka nyaya za umeme zinalia.
Mle kitabuni kuna Wizara ya Theluji.
Kila chembe ianguKayo hupewa namba,
na isiyo na namba hairuhusiwi kuyeyuka.
Mtawala haonekani. Lipo dirisha tu,
na dirishani mkono wenye pete
unapokea karatasi, unarudisha karatasi.
Watu hushika foleni wangali watoto,
hufika mbele na mvi zao,
wameshasahau walikuja kuomba nini,
basi huomba radhi.

Hapo alicheka.
Kisha akatazama mlango.

Asubuhi, fomu mezani, chai imepoa.
Akiandika "ndiyo, ni yetu", mwandishi amekwenda na maji,
naye ataulizwa: wewe umeitambuaje?
Akiandika "siyo", ataulizwa: kwani yetu ikoje? Fafanua.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na leo kata imeitwa kutoa ushahidi.

Akamkumbuka baba yake, Kondrat, fundi saa.
Aliitengeneza saa ya ofisi ya mkoa, ikatoka na kasoro,
dakika kumi na moja nyuma.
Hakuna aliyethubutu kusema imechelewa.
Mji mzima ukarudisha mishale,
na majira yale ya baridi hata treni ziliondoka kwa saa ya Kondrat.
Mzee alikuwa akisimulia huku akijifuta machozi,
wala hujui ya nini.

Akashika kalamu:
"Ukurasa wa mia na kumi na mbili, mkato umekosewa.
Ukurasa wa mia mbili na tatu, neno 'theluji' limerudiwa mno.
Zaidi ya hapo, lugha ni sanifu."

Akaenda kuiwasilisha. Korido, benchi, dirisha.
Mkono ukatoka kuipokea:
hauna pete. Kucha zimetafunwa,
kidole gumba kina wino.
Ukaivuta ripoti, ukasita nusu njia,
na sauti ya msichana, chini chini, ikauliza:
"Samahani, mama. Mimi nilinyang'anywa nikiwa katikati.
Ile foleni, mwishowe,
kuna anayeitoka?"